Matairi ya meno makubwa Nairobi: yanashika wapi, yanateleza wapi, na namna ya kuyafunga

Kila Jumamosi, kabla hatujaingia msitu wa Karura, kuna mgeni mmoja anayeegemeza baiskeli yake kando ya geti na kuuliza moja ya maswali matatu. Je, ninunue matairi ya meno makubwa kama hayo? Mbona nimenunua na bado nateleza? Na la tatu: niweke upepo kiasi gani? Nimeyajibu mara nyingi nikiwa nimesimama, na jibu la kusimama huwa halimfikishi mtu mbali. Kwa hiyo nimeyaandika hapa kwa mpangilio, uyasome kabla hujatoa pesa mfukoni.

Jambo la kushika kwanza ni hili: meno ya tairi hayana kazi mpaka yapate kitu cha kuuma. Penye udongo unaoingilika yanashika sana. Penye ardhi ngumu yanasimama juu yake na kupinda. Sasa Nairobi safari moja ina vyote. Ukitoka Kawangware kuelekea Ngong, au Westlands kuelekea mashamba ya kahawa ya Kiambu, utapita lami, murramu, udongo mwekundu na mawe kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna tairi moja linaloshinda kote huko. Kuna tairi linalokufaa wewe, kwa njia zako.

Ninaposema meno makubwa nina maana ya tairi la upana wa inchi 2.4 hivi au zaidi, meno marefu yaliyoachana, meno ya pembeni yenye nguvu na ubavu mnene. Maxxis Minion DHF, Maxxis Assegai na Schwalbe Magic Mary ni wa ukoo huo. Tairi moja la aina hii hufika kilo moja, na mengi hupita hapo, wakati tairi jepesi la mashindano ya msituni huwa na gramu 600 hadi 750. Tofauti hiyo utaisikia mapajani ukipanda kutoka Gigiri kuelekea Limuru.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pampu ya kusimama yenye geji. Hii ndiyo ya muhimu kuliko vyote. Ukiwa huna, azima.
- Leva mbili za plastiki za kutolea tairi. Usitumie bisibisi, itatoboa tyubu na kukwaruza rimu.
- Tyubu moja ya akiba ya saizi yako, viraka na solushoni.
- Rula yenye milimita.
- Maji ya sabuni kidogo na kitambaa kikuukuu.
- Simu au kijitabu cha kuandikia namba.
- Kipande cha njia unachokijua, kilomita mbili au tatu, chenye kona, mlima mfupi na mteremko.

Baiskeli ya bei kubwa haihitajiki. Baiskeli ya mtumba ya magurudumu ya inchi 26 inatosha kabisa kwa haya yote, mradi breki zinashika.

Hatua ya 1: Andika ardhi unayopita kweli

Kwa wiki mbili, kila ukirudi nyumbani andika ulipita wapi na kwa muda gani: lami, murramu, msitu, mawe. Andika unakopita, usiandike unakotamani kupita. Watu wengi wakihesabu hugundua kwamba zaidi ya nusu ya safari yao ni lami ya kwenda na kurudi. Kama ni hivyo kwako, meno makubwa mbele na nyuma yatakuchosha bure, na utayamaliza kwenye Waiyaki Way kabla hayajaonja msitu.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi ulilonalo

Ubavuni kuna namba mbili za kutafuta. Ya kwanza ni kama 29 x 2.4. Ya pili ni kama 61-622, na hiyo ndiyo ya kuaminika: 61 ni upana kwa milimita, 622 ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Magurudumu ya 29 ni 622, ya 27.5 ni 584, ya 26 ni 559. Mwenye duka akikuambia "hii itaingia tu", angalia namba ya mwisho. Ikiwa hailingani na ya zamani, haitaingia.

Onyo: ubavuni pia kumeandikwa upepo wa juu kabisa. Hicho ni kikomo cha tairi kuhimili. Hakuna aliyekuambia uujaze hadi hapo.

Hatua ya 3: Pima nafasi na rimu

Weka rula kati ya tairi na fremu, kisha kati ya tairi na uma wa mbele. Tairi jipya likishafungwa libakize angalau milimita 6 kila upande. Matope ya Tigoni yanahitaji hata zaidi. Baiskeli nyingi za zamani za inchi 26 zinakubali 2.25 mbele na 2.1 nyuma, basi. Usilazimishe.

Kisha pima upana wa ndani wa rimu. Tairi la 2.4 hukaa vizuri kwenye rimu ya milimita 28 hadi 32 hivi. Ukilifunga kwenye rimu ya zamani ya milimita 19, litachukua umbo la balbu: juu limevimba, chini limebanwa. Ukiilaza baiskeli kwenye kona litakunjika, nawe utadhani meno ndiyo yameshindwa.

Hatua ya 4: Chagua la mbele na la nyuma, kila moja kwa kazi yake

Tairi la mbele ndilo linaloongoza na kubeba sehemu kubwa ya breki. Likiteleza, unaanguka. La nyuma likiteleza, mara nyingi unalirudisha. Kwa hiyo pesa ya meno makubwa iweke mbele kwanza.

Mpango ninaomshauri karibu kila anayeanza hapa Nairobi ni huu: mbele meno makubwa yenye raba laini, nyuma meno ya wastani, safu ya katikati ikiwa mafupi na karibu karibu ili libingirike kwenye lami. Meno makubwa pande zote mbili waachie wanaobeba baiskeli kwa gari hadi Ngong na kushuka miteremko ya mawe. Ukikosea na kufunga kinyume, meno makubwa nyuma na kipara mbele, utapanda mlima vizuri sana na kuanguka kwenye kona ya kwanza ya vumbi.

Hatua ya 5: Funga tairi

Tafuta mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka. Meno yana uso wa kupanda na uso wa kushika breki. Ukiyageuza, kazi yake inageuka. Matairi machache yana mishale miwili, mmoja wa mbele na mwingine wa nyuma. Fuata.

Tia upepo kidogo kwenye tyubu ili iwe na umbo, iingize, kisha sukuma ukingo wa tairi kwa vidole gumba ukianzia mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu. Ukisukuma ukingo uingie kwenye bonde la katikati ya rimu, sehemu ya mwisho itaingia bila leva. Pakaza maji ya sabuni kandokando, jaza upepo taratibu, kisha zungusha gurudumu na utazame ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu. Uwe sawa pande zote. Ukizama mahali, toa upepo, vuta tairi kwa mkono, jaza tena.

Onyo: kabla ya kujaza, pita mzunguko mzima ukiangalia kama tyubu imebanwa chini ya ukingo. Nimeshuhudia tyubu mpya zikipasuka zaidi kwa sababu hii kuliko kwa miiba.

Hatua ya 6: Weka upepo kwa namba

Usipime kwa kubonyeza na kidole. Tairi la ubavu mnene huonekana gumu hata likiwa na upepo mdogo. Mashine ya kituo cha mafuta nayo imeundwa kwa magari. Sekunde mbili tu na umepita mbali. Mwaka wangu wa kwanza nilijazia kituoni, nikaona tairi limekaza vizuri, nikaingia msituni na furaha yangu. Kona ya tatu gurudumu la mbele liliondoka kama nimekanyaga mahindi makavu. Nilipopima nyumbani jioni, geji ilisoma psi 48 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji). Kwa kiwiko nilichochubua siku hiyo nilijifunza kununua pampu.

Kwa mtu wa kilo 75 hivi, tairi la 2.4 lenye tyubu, anzia psi 25 mbele na 28 nyuma. Bila tyubu, yaani tairi na rimu zilizoundwa kushika upepo zenyewe, anzia 21 mbele na 24 nyuma. Kama tairi lako ni la 2.1, ongeza 4 au 5. Ukiwa mzito zaidi ongeza moja kwa kila kilo tano. Mwepesi, punguza vivyo hivyo. Namba hizi ni mahali pa kuanzia, na hatua inayofuata ndiyo itakayozirekebisha.

Hatua ya 7: Jaribu, ukibadilisha kitu kimoja tu

Pita kile kipande chako mara tatu. Mara ya kwanza na upepo wa kuanzia. Mara ya pili punguza psi 2 mbele na 2 nyuma. Mara ya tatu punguza tena 2. Andika kila mara: kona imeshika? Rimu imegonga jiwe? Tairi limeyumba kama limelewa? Mahali rimu inapoanza kugonga au tairi kuyumba, umepita mpaka. Rudi juu psi 2 na ukae hapo. Ukibadilisha tairi, upepo na njia siku moja, hutajua ni kipi kilichosaidia.

Hatua ya 8: Lijue tairi lako kwenye kila ardhi

Hapa ndipo kwenye kazi, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema.

Lami. Meno makubwa yanavuma, yanavuta nyuma, na raba laini inaisha haraka, hasa safu ya katikati ya tairi la nyuma. Mbaya zaidi ni lami yenye maji. Kinachogusa barabara ni vichwa vya meno peke yake, kwa hiyo raba iliyo chini ni kidogo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua mafuta yaliyoachwa na magari, na mistari myeupe ya barabarani huwa kama sabuni. Piga kona ukiwa wima na polepole. Kama safari yako ina lami ndefu kabla ya msitu, ongeza psi 8 nyumbani, kisha punguza ukifika getini. Inachukua dakika moja.

Murramu kavu. Chini ni ngumu, juu kuna kokoto ndogo zinazobingirika kama gololi. Meno marefu yaliyoachana yanaweza kuzipita na kugusa chini, lakini chini hapaingiliki, kwa hiyo yanapinda. Hapa meno ya wastani yaliyo karibu karibu hushinda. Ukiwa na meno makubwa tayari, tumia breki kabla ya kona wala si ndani yake, na usikate kona ghafla.

Udongo mwekundu. Huu ndio udongo wetu, kuanzia Karura hadi Kiambu na Limuru, na tabia zake ni tatu kabisa. Ukiwa mkavu ni kama tofali lililopakwa unga: meno hukata unga na kuishia kwenye tofali. Asubuhi baada ya manyunyu, ukiwa na unyevu tu, ni raha isiyo na mfano. Meno yanazama nusu, kila kona inakubeba, na utaelewa kwa nini watu wanayalipia matairi haya. Lakini mvua kubwa ya Aprili ikishanyesha, huo huo unageuka uji. Unajaza nafasi kati ya meno mpaka tairi lote liwe duara laini jekundu, na kuanzia hapo huna meno tena, una kipara. Meno yaliyoachana sana hujisafisha, ila kwa mwendo: ukienda kasi kidogo kwenye tambarare utaona vidonge vya udongo vikiruka. Ukienda polepole havitoki. Kwenye mashamba ya wazi jua la nusu siku hukausha njia. Chini ya miti mirefu subiri siku mbili. Na tafadhali, ukiona gurudumu linachimba mtaro, shuka usukume. Mtaro ule utageuka korongo msimu ujao, na wanaotembea na kukimbia wanaitumia njia hiyo pia. Karura ina njia zilizotengwa kwa baiskeli, zifuate hizo.

Kona za udongo huu zina siri moja. Matairi kama Minion DHF yana bonde tupu kati ya meno ya katikati na ya pembeni. Anayeanza huilaza baiskeli nusu nusu kwa woga, anatua kwenye lile bonde, na tairi linaachia. Ilaze baiskeli zaidi huku mwili wako ukibaki wima, bonyeza mguu wa nje chini, na meno ya pembeni yatauma. Jifunze hili kwenye nyasi kwanza.

Udongo mweusi wa Kitengela, Athi River na tambarare za Embakasi. Ukilowa, hakuna tairi. Unavimba, unanata pamoja na nyasi, unajaza kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Ukiona mawingu upande huo, geuka ukiwa bado kwenye barabara. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa, na hapo upana wa 2.4 unasaidia kweli kwa sababu tairi jembamba linaingia ndani ya ufa.

Mawe na mizizi. Milima ya Ngong na msitu wa Oloolua. Hapa meno makubwa yanalipa deni lake lote, ingawa kinachofanya kazi zaidi ni raba laini na ubavu mnene. Upepo mdogo huliruhusu tairi kulikumbatia jiwe badala ya kuruka juu yake. Mizizi yenye maji ivuke kwa pembe iliyo sawa, bila breki, bila kukanyaga pedali. Ngong nenda na wenzako, usiende peke yako.

Mchanga na miiba. Ukishuka Barabara ya Magadi ndani ya kaunti ya Kajiado utakutana na makorongo ya mchanga. Huko upana na upepo mdogo ndivyo vinavyosaidia. Meno hayana la kushika. Miiba ya migunga ndiyo tatizo kubwa zaidi. Wengi wanadhani meno marefu yanazuia mwiba. Mwiba huingia kati ya meno, ambako raba ni nyembamba. Suluhisho ni dawa ya maji ya kuziba matundu ndani ya tairi lisilo na tyubu, mililita 90 hadi 120 kwa tairi la 29. Joto hukausha dawa hiyo, kwa hiyo ikague kila miezi miwili.

Mambo yakikataa

Pancha yenye matundu mawili yanayolingana kwenye tyubu. Umegonga jiwe na rimu imeibana tyubu. Upepo ulikuwa mdogo. Ongeza psi 3 nyuma.

Pancha inarudi mahali pale pale. Mwiba bado umo. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitanasa. Usipitishe kidole.

La mbele linaelea kwenye kona. Pima upepo kwanza. Ukiwa sawa, sogeza kifua mbele. Uzito wako ukikaa nyuma kwa woga, gurudumu la mbele halina kitu cha kulisukuma chini.

La nyuma linazunguka bure mlimani. Kaa kwenye kiti, sogea hadi ncha yake, kanyaga taratibu kwa gia nyepesi. Kama bado, tazama safu ya katikati: meno yakiwa yamebaki nusu ya urefu wake, tairi la nyuma limekwisha. Usihamishe la mbele liende nyuma na kuweka jipya la bei rahisi mbele.

Meno ya pembeni yanachanika kwenye shina. Raba laini imetumika sana kwenye ardhi ngumu. Yakianza kupasuka mbele, badilisha tairi, maana yataachia ukiwa umelala kwenye kona.

Tairi linasugua fremu ukikanyaga kwa nguvu tu. Gurudumu linapinda au spoku zimelegea. Mpelekee fundi azikaze kabla ya kulaumu upana.

Tairi lisilo na tyubu halikai kwenye rimu, upepo unatoka pembeni. Paka maji ya sabuni, toa kiini cha valvu, jaza kwa nguvu ya haraka. Likigoma, weka tyubu ndani usiku mmoja likae umbo, asubuhi toa ukingo wa upande mmoja tu, ondoa tyubu, kisha ujaribu tena kuukalisha upande huo ulioutoa.

Valvu haiingii kwenye tundu la rimu. Rimu ina tundu la valvu nyembamba nawe umenunua tyubu ya valvu nene kama ya gari. Rudisha tyubu, ubadilishiwe. Usimruhusu mtu alitoboe tundu la rimu ya baiskeli yako liwe kubwa.